GHALA LIMEJAA, MTOTO AMEDUMAA



Kila mwaka, mvua zikikoma na mahindi yakikauka mashambani, malori huanza kuteremka kutoka Nyanda za Juu Kusini. Hutoka Mbozi na Mbarali, hutoka Mufindi, Njombe na Makambako, yakipita mlima wa Kitonga usiku na mchana, yakiwa yamesheheni mahindi, mchele, maharage na viazi. Mama asongapo ugali Dodoma, Shinyanga au Dar es Salaam, mara nyingi unga ulio mikononi mwake ulitoka huko. Na mvua zinapokosekana katika mikoa mingine, mahindi yaliyowekwa katika maghala ya akiba ya taifa, kama yale ya Makambako, ndiyo hupelekwa kuwaokoa wenye njaa. Kwa sababu hiyo tumezoea kuiita nchi ile ghala la taifa. Jina hili ni la haki, na wakulima wa Iringa na Mbeya wanalistahili.

Twasoma katika kitabu cha Mwanzo habari za Yosefu, aliyejaza maghala ya Misri wakati wa neema ili watu wasife wakati wa njaa. Wamisri walikula, na hata wageni wa Kanaani walikuja wakala. Lakini hatusomi popote katika habari ile kwamba watoto wa walinzi wa ghala walidhoofu huku milango ya ghala ikilemewa na nafaka. Sisi tumeyaona mambo ambayo Misri haikuyaona.

Maana, utafiti wa taifa wa afya uliofanyika mwaka 2022 umeonyesha kwamba katika Tanzania, kwa kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Hesabu hiyo peke yake yatosha kutuhuzunisha. Lakini ukiuliza ni wapi watoto wamedumaa kuliko kwingine kote, jibu haliko katika nchi kame wala visiwani. Mkoa wa kwanza ni Iringa, ambako watoto wapatao 57 katika kila 100 wamedumaa. Baada yake ni Njombe na Rukwa, ambako ni nusu ya watoto. Yaani mikoa ile ile inayotulisha ndiyo yenye watoto waliokosa chakula cha kuwakuza.

Yafaa tueleze maana ya neno hili, ili asiwepo mtu wa kulichukua kijuujuu. Mtoto aliyedumaa siye mtoto mfupi kwa sababu baba yake ni mfupi. Ni mtoto aliyekosa chakula bora, au aliyesumbuliwa na maradhi mara kwa mara, tangu alipokuwa tumboni mwa mamaye hata kufikia umri wa miaka miwili. Mwili wake haukukua ipasavyo, na akili yake pia haikupata haki yake. Baada ya siku elfu moja hizo za kwanza, ni vigumu sana kurudisha kilichopotea. Ataingia shule akiwa amekwisha kutanguliwa na wenzake, wala hatajua ni nani aliyemtangulia, wala kwa nini.

Basi, ndugu, leo twataka kufikiri pamoja juu ya neno hili: maendeleo yasiyo sawa kati ya mkoa na mkoa, na kati ya nyumba na nyumba. Tunaichukua mikoa ya Iringa na Mbeya iwe kioo chetu, kwa kuwa humo twaona wazi kwamba nchi yaweza kuwa na mali nyingi, na watu wake wakabaki na upungufu.

Kwanza kabisa tujihadhari na hukumu ya haraka. Wako wasemao, "Watu wa huko ni wavivu wa kufikiri, wana chakula hawajui kukila." Maneno haya ni rahisi kwa aliyeshiba. Wahenga walisema: mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Kabla ya kumhukumu mtu, yafaa tujue njia aliyopitishwa.

Serikali ya Wajerumani, na baada yake ya Waingereza, hazikuijenga nchi hii kwa kipimo kimoja. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Palipopita reli palistawi kahawa na pamba, pakaanzishwa vyama vya ushirika kama kile cha Kilimanjaro cha mwaka 1933, pakajengwa shule nyingi. Lakini Iringa na Mbeya hazikuona reli muda wote wa ukoloni. Mkulima wa Njombe angeweza kuvuna mahindi kadiri ya nguvu zake, lakini gharama ya kuyafikisha pwani ingeyala yote.

Nini basi kilichochukuliwa kutoka nchi hiyo? Walichukuliwa watu. Vijana wa Ubena na Ukinga walikwenda katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alihesabiwa kwa namba yake. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, ambayo kazi yake ilikuwa kuwatafuta watu katika mikoa ya mbali na kuwasafirisha. Vijana wa Rungwe wengi walikwenda kuchimba dhahabu ya Lupa kule Chunya, na wengine wakavuka mpaka kwenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, hata Afrika Kusini. Nyumbani walibaki akina mama, wazee na watoto, na jembe likawa mkononi mwa mwanamke peke yake.

Tuseme pia yaliyo yetu. Wamisionari walifanya kazi kubwa katika nchi ile, na Tosamaganga ni shahidi. Walakini shule za sekondari za madhehebu yote hazikuenea sawa katika nchi nzima. Mikoa michache, kama Kilimanjaro na Bukoba, ilipata mapema na kwa wingi, na mingine ilingoja. Mtoto hakuchagua mahali pa kuzaliwa, lakini mahali pa kuzaliwa palimchagulia kama atakuwa karani au kibarua.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, neno hili lilijulikana, na juhudi kubwa zilifanyika. Yafaa tuzikumbuke, maana kizazi cha sasa kinaweza kudhani kwamba tofauti za mikoa ni kama milima na mito, ambayo Mungu aliiweka na binadamu hawezi kuihamisha. Barabara kuu ya kwenda Zambia ilitiwa lami. Kati ya mwaka 1970 na 1975 ilijengwa reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikapasua milima kati ya Mlimba na Makambako, na kwa mara ya kwanza filimbi ya treni ikasikika Mbeya. Katika miaka hiyo ya 1970 nafasi za sekondari ziligawanywa kwa mikoa, ili mtoto wa mkoa uliochelewa asishindane bila silaha na mtoto wa mkoa uliotangulia.

Tena palikuwa na jambo moja ambalo wazee wa Mbozi na Ismani hawajalisahau: bei moja ya mahindi kwa nchi nzima. Katikati ya miaka ya 1970 serikali iliamuru kwamba mkulima aliye zaidi ya kilometa 800 kutoka Dar es Salaam alipwe kwa kilo moja sawasawa na mkulima aliye karibu na jiji. Gharama ya safari ilibebwa na wote, haikuachwa mgongoni mwa yule aliyezaliwa mbali. Pamoja na hayo mbolea iliuzwa kwa bei nafuu. Matunda yalionekana upesi. Mikoa minne ya kusini, yaani Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa, ikawa ndiyo mikoa mikuu ya mahindi. Ghala la taifa tunalolisifu leo halikuota lenyewe kama uyoga. Lilijengwa kwa uamuzi wa kwamba umbali usiwe adhabu.

Hata hivyo, mwenye kusema kweli hasemi nusu. Utaratibu ule ulikuwa na gharama kubwa. Shirika la Taifa la Usagishaji, lililonunua mahindi hayo, lililemewa na madeni, na wakulima mara nyingi walingoja malipo yao muda mrefu. Mapema miaka ya 1980 bei moja ilianza kuachwa, na ruzuku ya mbolea ikapunguzwa hata ikaondolewa katika miaka ya 1990. Mkulima wa mbali aliyeambiwa jana, "Lima sana, taifa linakuhitaji," aliambiwa leo, "Tafuta soko mwenyewe."

Tena tukumbuke kwamba haki inayoletwa kwa kulazimisha huzaa machungu. Siku ya Noeli ya mwaka 1971, huko Ismani, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Daktari Wilbert Kleruu, aliuawa na mkulima mmoja katika ugomvi uliotokana na mashamba ya ujamaa. Mkulima naye alihukumiwa kufa. Nyumba mbili zililia siku ambayo malaika walitangaza amani kwa watu wenye mapenzi mema. Kisa hiki chatufundisha kwamba maendeleo ya watu hayapatikani bila watu wenyewe kukubali na kushiriki. Viongozi wa leo, wa serikali na wa Kanisa, walikumbuke fundisho hili kila wanapofika kijijini na mpango uliokwisha kuandikwa mjini.

Basi tuje wakati wetu. Barabara ipo. Uwanja wa ndege wa Songwe upo tangu mwaka 2012. Mpango wa SAGCOT, ulioanzishwa mwaka 2010, umekusudia kuvuta wawekezaji wa kilimo katika ukanda wote wa kusini. Mwezi wa Septemba 2024 Tanzania, Zambia na China zilitia sahihi huko Beijing hati ya makubaliano ya kuifufua reli ya TAZARA. Chai ya Mufindi na Rungwe, kahawa ya Mbozi, mbao za Sao Hill, mpunga wa Usangu, vyote vyaingia sokoni. Hata maji ya Ruaha Mkuu, yanayokusanyika katika bonde la Usangu, yamezungusha mitambo ya Mtera na Kidatu na kuwasha taa za miji ya mbali miaka mingi kabla nguzo za umeme hazijafika katika vijiji vya huko yatokako. Mtu akizihesabu tani na fedha, ataandika kwamba nchi ile imeendelea. Lakini nani ameuliza, je, mtoto amekula nini leo asubuhi?

Tuingie katika nyumba ya mkulima tuone. Mama ameamka kabla ya jogoo. Amebeba mtoto mgongoni na jembe begani, naye ana mimba ya pili. Shamba ni mbali, na palizi haingoji. Mtoto aliyeachishwa ziwa mapema ameachiwa uji mwepesi wa mahindi matupu, alishwe na dadaye mwenye umri wa miaka saba. Nyumbani mna kuku, lakini mayai ni ya kuuza. Mna maharage, lakini maharage ni ada ya shule. Maziwa yamekwenda mnadani pamoja na ng'ombe. Mahindi yenyewe yaliuzwa wakati wa mavuno, bei ilipokuwa chini, kwa kuwa deni la mbolea lilikuwa linasubiri. Na ifikapo mwezi wa Januari, mkulima yule yule hununua debe kwa bei maradufu. Haya si uvivu wala si ujinga. Ni mtu anayejitahidi kuogelea huku amefungwa mguu mmoja.

Mnunuzi naye hufika shambani na gunia la lumbesa, lililoongezwa kilemba juu ya mdomo wake, akalipia gunia moja, akachukua karibu moja na nusu. Nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara wa Israeli waliokipunguza kipimo cha kuuzia na kuikuza bei, wakamnunua maskini kwa bei ya jozi ya viatu. Lumbesa ni dhambi ile ile ya zamani iliyovaa gunia jipya. Mkristu anayefanya biashara ya viazi au mahindi, naye hukomunika siku ya Dominika, ajiulize ameweka nini juu ya mdomo wa gunia la jirani yake.

Wakati mwingine amri kutoka juu imeongeza uzito. Mwaka 2017 serikali ilizuia mahindi yasivushwe mpaka bila kusagwa, kwa nia ya kulinda chakula cha taifa. Nia ilikuwa njema. Lakini bei ilianguka, na walioubeba mzigo wa usalama wa taifa zima walikuwa wakulima wa mikoa ya kusini peke yao. Zuio liliondolewa baadaye, lakini mkulima hakurudishiwa alichopoteza. Taifa likitaka mahindi ya bei ndogo kwa ajili ya wote, ni haki wote walipie, isiwe kazi ya masikini wachache kuwafanyia sadaka matajiri wa mjini bila kuulizwa.

Tusiyaseme makosa ya nje tu, tukayafunika ya ndani. Wako akina baba wa Iringa na Njombe ambao, wakati wa ulanzi, fedha ya mavuno haifiki nyumbani. Wako wanaouza shehena nzima bila mke kujua bei, ilhali mikono iliyopalilia ilikuwa ya mke. Mtume Paulo asema wazi kwamba asiyewatunza watu wa nyumbani mwake ameikana imani. Baba anayeona mtoto wake hakui, naye ana fedha ya kilabuni, asimtafute mkoloni wa kumlaumu.

Tena barabara ile iliyoleta malori iliwaleta pia wasafiri na maradhi. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 na 2023 umeonyesha kwamba maambukizo ya virusi vya UKIMWI kwa watu wazima wa nchi nzima ni kama asilimia 4.4, lakini Njombe ni asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Nyuma ya hesabu hizi wako yatima, wako bibi wanaolea wajukuu kwa jembe moja. Basi msishangae kwamba nyumba nyingi za huko husema, "Binti amemaliza darasa la saba, na aende mjini akatafute kazi."

Hapa, ndugu msomaji, neno hili linaacha kuwa habari ya mbali. Maana binti huyo amekwenda wapi? Amekuja kwako. Katika Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na Dodoma, familia nyingi zikitaka msichana wa kazi husema, "Nitafutie wa Iringa, wale ni wachapakazi." Dalali hupiga simu, binti hupandishwa basi, na asubuhi yumo jikoni mwetu. Babu yake alikuwa manamba wa mkonge. Yeye amekuwa manamba wa jiko. Babu yake alikuwa na namba; yeye mara nyingine hana hata jina, huitwa "dada" na watoto wanaomzidi umri.

Tumeuliza kwa nini mtoto wa Iringa amedumaa. Sasa tujiulize: aliyepaswa kumlea ndugu yake mdogo analea mtoto wa nani? Binti huyu huchemsha maziwa ya mtoto wetu, humpondea ndizi, humlisha yai, humpima joto usiku. Na kule kwao mdogo wake anakunywa uji mtupu. Hivyo mkoa mmoja unatoa mahindi, maji, mbao, na mwisho unatoa hata mikono ya kulelea, na kinachorudi ni senti chache zinazotumwa kwa simu mwisho wa mwezi, kama zimelipwa.

Bwana Wetu alitoa mfano wa tajiri na Lazaro. Angalieni kwamba Injili haisemi tajiri yule alimpiga Lazaro, wala hakumfukuza mlangoni. Alimpita tu. Alimzoea. Dhambi yake ilikuwa kwamba mtu alikuwa karibu naye, naye hakumwona. Basi, je, si rahisi zaidi kutomwona yule aliye ndani ya mlango, anayetuandalia meza? Tunaposali Rozari jioni, yeye yuko wapi? Dominika tunapokwenda Misa, nani anabaki kulinda nyumba, mwaka baada ya mwaka? Akiugua, anapelekwa hospitali au anarudishwa kwao na nauli tu? Sheria ya kazi ya mwaka 2004 yakataza kumwajiri mtoto asiyetimiza miaka 14. Je, tuliuliza umri wake, au tulitosheka na neno la dalali? Mtume Yakobo aonya kwamba ujira uliozuiliwa hulia, na kilio chake hufika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Ujira wa jikoni nao una sauti.

Mama Kanisa hakunyamaza juu ya mambo haya. Baba Mtakatifu Yohane wa 23, katika barua yake Mater et Magistra ya mwaka 1961, mwaka ule ule wa uhuru wetu, alifundisha kwamba ndani ya nchi moja tofauti kubwa kati ya sehemu na sehemu, na kati ya wakulima na watu wa viwanda na miji, zapaswa kuondolewa kwa haki. Mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, Baba Mtakatifu Paulo wa 6 aliandika Populorum Progressio, akafundisha kwamba maendeleo ya kweli ni ya mtu mzima na ya kila mtu. Tukikipokea kipimo hicho, mkoa wenye tani nyingi na watoto waliodumaa haujaendelea bado. Na nyumba yenye jokofu lililojaa na binti anayekula makombo haijaendelea pia.

Tukumbuke pia Kanisa la mwanzo. Katika Matendo ya Mitume twasoma kwamba wajane wa Wayahudi wasemao Kigiriki walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku, na wajane wenyeji wakipata. Mitume hawakusema, "Nyamazeni, msilete ukabila." Hawakusema, "Wajane wenu hawajui kujipanga." Waliwaita waamini wote, wakachagua watu saba wenye sifa njema wasimamie mgawo, na majina yao yote saba ni ya Kigiriki. Yaani waliosahauliwa walipewa watu wa kwao wa kusimamia mgawo. Hii ndiyo hekima: anayelalamika kwa haki asikilizwe, naye apewe nafasi katika kuamua.

Wala usawa si kufanana. Wana wa Israeli walipookota mana jangwani, mmoja aliokota nyingi, mwingine kidogo; lakini walipoipima, aliyeokota nyingi hakuzidiwa, na aliyeokota kidogo hakupungukiwa. Mtakatifu Paulo aliutumia mfano huo alipowaomba Wakorintho wawasaidie maskini wa Yerusalemu. Hatutaki kila mkoa uwe Dar es Salaam. Twataka mtoto wa Kilolo, wa Makete, wa Chunya na wa Ileje akue sawa na mtoto wa Oysterbay, apate mwalimu, apate mganga, apate yai.

Basi tufanye nini?

Serikali twaiomba isihesabu mavuno bila kuhesabu watoto. Mkuu wa mkoa anapotoa taarifa ya tani za mahindi, atoe pamoja nayo taarifa ya watoto waliodumaa, kijiji kwa kijiji. Barabara za mashambani zitengenezwe, maana kilometa kumi za tope humgharimu mkulima kuliko mia moja za lami. Ununuzi wa akiba ya taifa ufanyike mapema, mkulima alipwe kwa wakati, na mizani isimamiwe shambani, sio mjini tu.

Ninyi akina baba na mama wa Iringa, Njombe, Mbeya na Rukwa, kabla hamjafunga gunia, tengeni fungu la nyumbani. Torati iliwaamuru Waisraeli wasivune pembe za shamba, bali wawaachie maskini na wageni. Na ninyi acheni pembe moja kwa ajili ya mtoto wenu mwenyewe: maharage kidogo, karanga, mayai ya kuku wawili, bustani ya mboga nyuma ya jiko. Mama mwenye mimba apunguziwe jembe. Baba na ampeleke mtoto kliniki mwenyewe, asione haya. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Jumuiya ndogo ndogo, ambazo hukutana kila juma kusoma Injili, ziulize pia kila mwezi: katika nyumba zetu, ni mtoto gani hakui? Swali hilo moja, likiulizwa kwa upendo na si kwa kuaibishana, laweza kuokoa watoto wengi.

Nanyi, familia za miji na mikoa mingine, kama mna binti wa watu nyumbani, leo kabla ya chakula cha jioni mwiteni kwa jina lake. Mwulizeni habari za wazazi wake na wadogo zake. Mlipeni mlichoahidi, tarehe mliyoahidi. Mpeni Dominika yake ya Misa na saa zake za kupumzika, na kama anataka kusoma au kujifunza cherehani, mtafutieni njia. Na aketi mezani. Kama ni mtoto mdogo asiyefikia umri, mrudisheni kwao kwa heshima, tena msimrudishe mikono mitupu.

Siku ile ya mwisho Bwana hatatuuliza tulitoka mkoa gani. Atauliza kama alikuwa na njaa tukampa chakula. Tukijibu, "Bwana, lini tulikuona una njaa?" huenda akatujibu, "Nilikuwa Iringa, katika nyumba iliyokulisha. Na dada yangu alikuwa jikoni mwako."

Mwenyezi Mungu awabariki wakulima wa Nyanda za Juu Kusini, na atufumbue macho sisi tunaokula jasho lao.